Mwanafunzi wangu kapoteza mkono kwa baruti: je, elimu niliyomfundisha ina dhambi?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wangu. Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya mwambao wa Tanzania, mwaka wa tisa sasa. Mwezi uliopita kijana niliyemfundisha kidato cha tatu na cha nne alipoteza mkono wa kulia baharini. Walikuwa wanavua samaki kwa kupiga baruti, ikamlipukia kabla hajairusha. Nilipokwenda hospitali kumjulia hali, baba yake alinipokea mlangoni mwa wodi akaniambia mbele za watu: "Mwalimu, hiyo kazi yako. Wewe ndiye uliyemfundisha." Nilirudi nyumbani, chakula hakikupita.

Nakumbuka siku tulipokuwa na mada ya mbolea za naitrojeni. Kipindi kilipokwisha kijana yule alibaki nyuma akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli mbolea inaweza kulipuka?" Nikacheka, nikamwambia ndiyo, inaweza, nikakusanya madaftari nikaenda zangu. Sikumfundisha kutengeneza chochote, Allah ni shahidi. Sasa ami yangu ananishauri niliache somo hili nifundishe Kiswahili, kwani anasema sayansi ndiyo iliyoiletea dunia mabomu na sumu, na elimu itokayo kwa Mungu haiui mtu. Naomba unijibu mawili: je, sayansi ndiyo ya kulaumiwa kwa maovu yanayotendwa kwa vitu ilivyovigundua? Na mimi, nina dhambi ya mkono wa kijana huyu?

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake.

Mwalimu, nitaanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. La kwanza lina miaka mingi duniani, litasubiri kidogo. Kwa namna ulivyoeleza, huna dhambi ya mkono wa kijana huyo. Hudaiwi diya, yaani fidia ya damu, hudaiwi kafara, wala huna toba ya kuleta kwa tendo usilolitenda. Kile kicheko chako tutakirudia huko mbele, maana naona ndicho kilichokukaa rohoni kuliko maneno ya baba yake.

Wanazuoni wetu wana kanuni: wakikutana aliyetenda kwa mkono wake na aliyekuwa sababu tu, hukumu humwangukia aliyetenda. Mfano unaopigwa darasani ni wa kisima. Mtu kachimba kisima, akaja mwingine akamsukumia ndani mtu wa tatu. Anayedaiwa damu ni msukumaji. Lakini hao hao wanazuoni hawakuishia hapo, waliuliza: kisima chenyewe kilichimbwa wapi? Kama ni ndani ya kiwanja chake mwenyewe mchimbaji, hana deni. Kama ni katikati ya njia wapitayo watu, bila idhini wala uzio, kisha mpita njia akatumbukia usiku bila kusukumwa na yeyote, hapo mchimbaji analipa. Kisima hicho kiweke kichwani, tutakihitaji.

Mfano wa pili ni wa zabibu. Mkulima anauza zabibu zake, na miongoni mwa wanunuzi yupo mmoja anayekamua mvinyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kama alivyobainisha Imam Nawawi, muuzaji akijua kwamba mtu huyu atazifanya ulevi, au akawa na dhana yenye nguvu, kumuuzia ni haramu. Akiwa na shaka tu, ni makruhu, yaani jambo linalochukiza bila kuwa haramu. Akiwa hajui lolote, hana lolote. Tazama hukumu inavyotembea hapo. Zabibu ni zilezile, zimechumwa mzabibu mmoja, na hakuna mwanachuoni aliyesema mizabibu ing'olewe. Kinachoigeuza hukumu ni kile muuzaji anachokijua kuhusu mtu aliyesimama mbele yake.

Sasa jiweke wewe kwenye meza ya muuzaji. Siku ile ya mbolea ulijua nini kuhusu kijana yule? Ulikuwa na mtoto wa kidato aliyeuliza swali ambalo mtoto yeyote mwenye akili angeliuliza, na ukamjibu jambo ambalo si siri. Hukumpa kipimo wala hukumwonyesha njia. Na kati ya jibu lako na ule mlipuko zimepita hatua ngapi, na watu wangapi? Kuna aliyempa baruti. Kuna mwenye chombo aliyemchukua. Kuna yeye mwenyewe, baleghe, mwenye akili, anayejua kwamba jambo hili limekatazwa na sheria ya nchi na linawala watu mikono kila siku. Allah amesema katika Suratul An'am, aya ya 164, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine.

Nije kwa ami yako. Zungumza naye kwa adabu, maana ami ni baba. Lakini ile kauli kwamba elimu itokayo kwa Mungu haiui, muulize: chuma kimetoka kwa nani? Katika Suratul Hadid, aya ya 25, Mola anasema kwamba ameteremsha chuma, ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Vyote viwili vimo katika madini moja na katika aya moja, na nguvu kali imetangulia kutajwa. Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma akafundishwa kufuma deraya za vitani, na Allah akalihesabu hilo kuwa neema.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliligusa jambo hili kwa namna ambayo sijaona aliyelisema vizuri zaidi. Alisema elimu hailaumiwi kwa dhati yake. Hulaumiwa kwa upande wa waja, kwa sababu maalumu, na ya kwanza aliyoitaja ni pale inapompeleka mwenye nayo au mtu mwingine kwenye madhara, akatolea mfano uchawi na talasimu. Huyohuyo Ghazali aliwalalamikia marafiki wajinga wa dini waliokuwa wakidhani wanautetea Uislamu kwa kuikataa kila elimu ya wanafalsafa, hata hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi, na alisema madhara yao kwa dini ni makubwa. Sisemi ami yako ni mmoja wao. Nasema njia anayotaka kupita imeshapitwa na watu wengi, na haikuwafikisha popote.

Kisha muulize damu ya kwanza ya mwanadamu ilimwagwa kwa kemia ipi. Kabil, mwana wa Adam, alimuua ndugu yake kwa husuda, na dunia haikuwa na shule. Ukiisoma Suratul Maidah, aya ya 31, utaona jambo ambalo mimi binafsi hunisimamisha kila nikifika: baada ya kuua, Allah alileta kunguru akifukua ardhi ili amwonyeshe muuaji namna ya kuusitiri mwili wa nduguye. Mauaji aliyajua bila mwalimu. Alichohitaji kufundishwa ni kuzika. Na jirani zetu wa Rwanda, mwaka 1994, wengi waliuawa kwa panga, lile lile la kufyekea migomba.

Lakini mwalimu, usije ukafurahi mapema. Kuna upande wa pili wa jambo hili, na wenzako wa maabara hawapendi kuusikia.

Chukua ile chupa ya dawa ya maji yenye klorini, inayouzwa dukani kwa bei ya kitafunio, ambayo kila kipindupindu kikibisha hodi tunaihubiri mpaka kwenye mimbari. Klorini iligunduliwa mwaka 1774 na Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Sweden. Kwa zaidi ya miaka 100 kazi yake kubwa ilikuwa kung'arisha vitambaa na kuua vimelea. Jioni ya tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres huko Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilingoja upepo uvume kuelekea kwa adui, likafungua mitungi zaidi ya 5,000. Klorini ikiwa hewa ni ya rangi ya kijani iliyopauka, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutambaa chini na kujaza mahandaki kama maji yanavyojaza mfereji. Ikifika kwenye mapafu inayaunguza, na mtu anazama katika maji ya mwili wake mwenyewe akiwa nchi kavu. Waliokuwa ndani ya mahandaki yale ni askari wa Ufaransa, na pamoja nao askari walioletwa kutoka koloni la Algeria, wakiwemo Waislamu.

Aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa mwanakemia, Fritz Haber, na kisa chake ndicho jibu langu kwa swali lako la kwanza. Mwaka 1909 bwana huyu alifanya jambo ambalo wengi walikuwa wamelishindwa: aliichukua naitrojeni ya hewani akaiunganisha na haidrojeni, ikawa amonia. Mhandisi Carl Bosch akaigeuza maabara kuwa kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Urea na CAN anazotia mkulima kwenye mahindi zinatokana na mlango huo. Wataalamu hukadiria kwamba karibu nusu ya watu duniani leo wanakula chakula kisichoweza kuwepo bila mbolea ya namna hii. Wewe unalijua hili kuliko mimi. Nadhani ndilo ulilokuwa ukifundisha siku ile kijana alipobaki nyuma. Na amonia hiyohiyo, vita ilipoanza na Ujerumani ikakatiwa shura ya Chile, chumvi ya kutengenezea baruti, ndiyo iliyotengenezewa baruti zake.

Mke wa Haber, Clara Immerwahr, naye alikuwa na shahada ya udaktari katika kemia, aliyoipata mwaka 1900. Tarehe 2 Mei 1915, siku kumi tu baada ya Ypres, alijipiga risasi kwa bastola ya mumewe. Yaliyokuwa moyoni mwake yote anayajua Mola wake. Haber hakukaa matanga. Alielekea medani ya mashariki kuendelea na gesi. Vita vilipokwisha alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1918, kwa amonia.

Sasa tumpime kwa zabibu zetu. Scheele wa 1774 ni mkulima asiyejua nani atanunua. Haulizwi kuhusu Ypres, kama mzabibu usivyoulizwa kuhusu walevi. Haber wa 1909 ni mkulima pia, na mavuno yake yamelisha walimwengu. Haber wa 1915 ni mtu mwingine kabisa. Hapo si muuza zabibu tena. Kakamua mwenyewe, kamimina mwenyewe, kasimama pembeni akitazama upepo. Mwili mmoja, elimu moja, kemia ileile ya kitabuni. Ukisema sayansi ndiyo iliyoua Ypres, umemvua Haber joho la damu na kulivisha kitu kisicho na shingo.

Na iko hadithi nzito hapa, aliyoipokea Imam Muslim: mwenye kuanzisha mwendo mbaya atabeba dhambi zake na dhambi za wanaoufuata baada yake, bila ya hao kupunguziwa chochote katika zao. Na katika Bukhari na Muslim imekuja kwamba hauawi mtu kwa dhuluma ila yule mwana wa Adam wa kwanza hupata fungu la damu hiyo, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuweka mwendo wa kuua. Zingatia neno mwendo. Kabil hakuulizwa kuhusu jiwe, kama lilikuwa jiwe. Haber ndiye aliyeufungua mlango ule kwa kiwango kile, na haikumaliza miezi sita kabla Waingereza nao hawajafungua mitungi yao ya klorini kule Loos, Septemba 1915. Waingereza wana dhambi yao kamili. Mwenye kufungua mlango ana fungu.

Kwa hiyo ile kauli wanayoipenda wasomi, kwamba sayansi ni kama kisu, kinakata kitunguu na kinaua mtu, nimeisikia mpaka imenichosha. Ni kweli nusu. Kisu hakijifui. Kuna mhunzi anayefua kisu cha jikoni, na kuna mhunzi anayeletewa oda ya panga mia tatu usiku na mtu ambaye kila mmoja mtaani anajua amegombana na kijiji cha pili. Huyo wa pili akisema "mimi nafua tu," tutamjibu kwa Suratul Maidah, aya ya 2: msisaidiane katika dhambi na uadui. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, nyayo za mja hazitaondoka Siku ya Kiyama mpaka aulizwe, na moja ya maswali ni elimu yake aliifanyia nini. Swali hilo halikubagua baina ya elimu ya fiqhi na elimu ya fizikia. Sisi masheikh tutakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitokana kwa sehemu kubwa na urani ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu wa Kongo. Wachimbaji wale walipasua mawe kwa ajili ya ujira mdogo, hakuna aliyewaambia jiwe linakwenda wapi. Hawana lolote. Wanafizikia kule Marekani walijua. Wengi wao waliingia wakiamini kwamba wasipolitengeneza wao, Hitler atawatangulia, na hoja hiyo siidharau. Mtu anayeogopa nyumba yake isichomwe hufanya mambo. Ila mwishoni mwa mwaka 1944 mmoja wao, Joseph Rotblat, mzaliwa wa Poland, alipopata habari kwamba Wajerumani wameachana na jambo hilo, alifungasha akaondoka. Zabibu tena: dhana ilipogeuka, hukumu iligeuka, naye akageuka nayo. Alitumia umri wake uliobaki kupinga silaha hizo, na mwaka 1995 akatunukiwa Nobel ya Amani. Si wa dini yetu, lakini haki hupokewa itokako.

Na kile kisima cha njiani? Tarehe 4 Agosti 2020, bandari ya Beirut. Tani 2,750 za nitrati ya amonia, chumvi inayotumika kwa mbolea na kwa baruti za migodini, zilikuwa zimewekwa ghalani karibu miaka sita, na waliohusika walijua zipo. Moto ukashika, watu zaidi ya 200 wakafa. Hapo hakuna aliyemsukuma mtu. Kuna waliochimba kisima njiani wakaenda zao kulala.

Nirudi kwetu, kwenye bahari, maana huko ndiko ulikonitoa.

Nimezaliwa kijiji cha wavuvi mkoani Tanga. Nikiwa mdogo mama alikuwa akinituma dikoni kununua samaki wa mchana. Siku moja nilileta changu wawili wanene, kwa bei iliyonifurahisha. Mama akambonyeza mmoja tumboni kwa kidole gumba, akachukua kisu akampasua kidogo ubavuni. Nyama imelegea kama uji, uti wa mgongo umevunjika vipande, damu imevilia kandokando ya mfupa. Akasema, "Warudishe. Hawa wamepigwa." Nikamwambia mwuzaji atakataa. Akaniambia, "Akikataa, mwachie na samaki na pesa." Ilikuwa pesa ya siku nzima.

Baruti ile, dainamaiti, aliivumbua Alfred Nobel, hati yake ni ya mwaka 1867, kwa ajili ya kupasua miamba: njia za reli, migodi, machimbo ya kokoto. Ikishuka chini ya maji inapasua kibofu cha hewa cha samaki, mkubwa na kifaranga pamoja. Wengine huelea wakaokotwa, wengi huzama wakaoza. Tumbawe lililochukua miongo kukua linabaki kifusi kwa dakika moja, na samaki wa kesho hana nyumba. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza, na kabla yake kulikuwa na makatazo mengine, na sote tunajua mlio ule bado ulikuwa unasikika asubuhi kama ngoma ya harusi. Allah anasema katika Suratur Rum, aya ya 41, kwamba ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Aya imetaja bahari kwa jina lake, na imetaja mikono. Haikusema kwa yaliyochumwa na elimu ya watu.

Mikono ipi basi? Hapa ndipo ninapotaka lawama igawanywe kwa haki, kama mirathi, kila mtu na fungu lake. Aliyewasha utambi ana lake. Anayetoa baruti machimboni kwa mlango wa nyuma ana lake, na kwangu ni zito kuliko la kijana, kwani yeye anajua inakwenda wapi na hapotezi mkono. Mwenye chombo naye. Mchuuzi anayemjua samaki kwa kumtazama jicho kisha akaapa kwamba ni wa mshipi, ameongeza kiapo cha uongo juu yake. Na sisi walaji, tunaofurahia bei, tusijifanye hatumo. Kuna watu katika ugawaji huu wanapata sifuri, na mwalimu wa kemia wa kidato cha tatu ni mmoja wao.

Najua kuna atakayeuliza, kwa hiyo niliseme: samaki aliyekufa kwa baruti si nyamafu kwa maana ya kisheria. Mtume (s.a.w.) amesema kuhusu bahari kwamba maji yake ni tohara na maiti yake ni halali. Nyama ni halali, kitendo ni haramu, na kumnunua ukiwa unajua ni kuwapa nguvu wenye kitendo. Mama yangu hakuwa amesoma fiqhi, lakini alizitenganisha hukumu hizo mbili kwa kidole gumba.

Sasa kicheko. Ulicheka, ukakusanya madaftari. Dhambi si dhambi, lakini umeona mwenyewe kwamba pale palikuwa na nafasi, nayo ilipita. Katika Suratul Baqarah, aya ya 102, Allah ametaja habari za Haruti na Maruti huko Babil. Elimu waliyokuwa nayo ilikuwa uchawi, wenyewe umelaaniwa, na kemia haifanani nao hata chembe. Ila tazama walivyofundisha: hawakumfundisha yeyote mpaka kwanza wamwambie, sisi ni mtihani tu, basi usikufuru. Onyo lilitangulia somo. Kama hao walitanguliza onyo, sisi tunaofundisha elimu yenye manufaa tunaona tabu gani?

Kwa hiyo somo usiliache. Ukiondoka wewe unayelala njaa kwa ajili ya mkono wa mtoto wa watu, atakayeshika chaki baada yako huenda asijali. Kemia kwa umma wetu ni katika faradhi za kutosheleza, zile ambazo wakizitimiza baadhi yetu zimetosha kwa wote: tunahitaji wafamasia, wapima maji, watu wa kutuambia dawa ipi ni bandia. Ila mada ya mbolea ikifika mwaka huu, na mtoto akabaki nyuma akauliza lile swali, weka madaftari chini. Mjibu ndiyo. Kisha mwambie kuhusu Beirut, na kuhusu mkono.

Kuhusu baba wa kijana: usiende kumtolea hoja ya kisima wala ya zabibu. Hoja hizi nimekuandikia wewe. Yule ni mzazi aliyemwona mwanawe akirudi pungufu, na mwenye uchungu huo humshika aliye karibu. Huenda pia moyoni mwake kuna hesabu yake mwenyewe, ya samaki walioliwa nyumbani bila kuulizwa wametoka wapi. Usimguse hapo. Nenda kama mtu anavyokwenda kumjulia mgonjwa hali, kaa kidogo, mwombee, ondoka. Akikufukuza, rudi wiki nyingine.

Na kijana ana kazi mpya ya kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kalamu itamteleza, herufi zitalala, atakata tamaa. Wewe ni mwalimu. Mpelekee daftari la mistari mipana na ukae naye jioni mbili tatu. Jambo moja zaidi, ambalo najua litatokea hapo kijijini kabla ya Ramadhani: kuna mzee atamkemea msikitini au kwenye sinia kwa kula kwa mkono wa kushoto. Katazo la Mtume (s.a.w.) ni kwa mwenye mkono wa kulia anayeuweza. Huyu ana udhuru, hana makosa, na akitaja Bismillahi chakula chake kina baraka kama cha mtu yeyote. Mwambie ale.

Wallahu aalam.